Mbu mgeni na mbu mwenyeji: historia ya kupigana na malaria kwa njia ya uzazi



Leo nataka tuongee juu ya mbu. Najua mwingine atasema: mbu tunamjua, ametuuma tangu utoto. Ni kweli. Kongo yetu peke yake inabeba karibu asilimia 12 ya wagonjwa wote wa malaria duniani, ni Nigeria tu inatupita. Lakini siku hizi kuko neno linazunguka mu simu: eti wazungu wanatengeneza mbu mu labo na wanakuja kumwachilia Afrika. Mmoja anasema ni dawa, mwingine anasema ni silaha. Wazazi wanatuuliza sisi tuliosoma, na wengi wetu tunanyamaza. Mimi naona historia inaweza kutupa jibu kuliko kelele za simu, maana haya mambo hayakuanza jana, na sehemu kubwa ya historia yake ilipita hapa hapa Afrika.

MBU ANAYEPANDA MELI

Tuanze na safari moja ya ajabu. Mwezi wa tatu 1930, mtaalamu wa wadudu aitwaye Raymond Shannon alikuta mu Natal, mji wa pwani ya Brazil, viluwiluwi vya mbu ambaye hakuwa wa kule. Alikuwa mbu wa kwetu, wa kundi la Anopheles gambiae. Wataalamu wengi wanaamini alivuka bahari kutoka Dakar na meli za Wafaransa zilizokuwa zinabeba barua kwa haraka. Brazil ilikuwa na malaria yake na mbu wake, lakini huyu mgeni alikuwa hatari zaidi, juu ya yeye anapenda damu ya mtu kuliko ya mnyama, na anaingia mpaka ndani ya nyumba.

Kwa miaka michache aliendelea polepole, na watu wakamsahau. Mwaka 1938 akalipuka mu jimbo la Ceará. Hesabu inayotajwa sana ni wafu zaidi ya 14,000. Serikali ya Getúlio Vargas na shirika la Rockefeller wakaunda kazi maalum chini ya Mmarekani Fred Soper. Watu elfu kadhaa waliajiriwa kutembea kila siku, dimbwi kwa dimbwi, wakimwaga sumu ya kijani iliyoitwa kijani cha Paris, na kupuliza dawa mu nyumba na mu magari. Mwisho wa 1940 yule mbu alikuwa ameisha mu Brazil yote. Miaka michache nyuma yake, mbu wa kundi hilo hilo alipanda Misri kutoka Sudan, akaua watu wengi sana, na mwaka 1945 akatolewa kwa njia ile ile.

Hapa kuko somo la kwanza, naomba tulishike paka mwisho: mbu mgeni anaweza kufukuzwa. Bado hajazoea, hajafika kila pahali, na nyuma yake hakuna wengine wa kujaza nafasi yake. Mbu mwenyeji ni jambo lingine. Soper alimshinda gambiae Brazil na Misri, lakini hakuna aliyemshinda huyo huyo gambiae kwao, mu Afrika yetu ya katikati.

WAZO LILILOZALIWA TANGANYIKA

Wakati Soper anapigana kwa sumu, wengine walikuwa wanafikiri njia ingine: kama unataka kumaliza mdudu, haribu uzazi wake. Mu Moscow, Aleksandr Serebrovsky aliandika wazo hilo mwaka 1940. Mu Marekani, Edward Knipling alikuwa analifikiria juu ya nzi anayetaga mayai mu vidonda vya ng'ombe.

Lakini mtu aliyelijaribu mapema porini alikuwa Tanganyika. Mwingereza F. L. Vanderplank alikuwa anachunguza mbung'o, yule nzi wa tse-tse. Aliona kwamba aina mbili za mbung'o zinapandana bila kujuana, lakini uzao wao ni tasa. Mwaka 1944 akaanza kupeleka mabuu zaidi ya 100,000 ya aina moja mu eneo la aina ya pili. Ile aina ya wenyeji ikashuka karibu kuisha, na wageni nao wakashindwa na ukame wa pale. Hakutumia sumu hata tone. Kwa miaka mingi kazi yake haikujulikana sana, na vitabu vingi vinaanza historia hii na Knipling. Sisi watu wa upande huu tujue kwamba mlango mmoja ulifunguliwa huku.

Knipling naye alipata ushindi wake mwaka 1954 mu kisiwa cha Curaçao. Alikuza nzi mu kiwanda, akawapiga mionzi ili madume wawe tasa, akawaachilia kwa wingi toka ndege. Jike wa porini akipandwa na dume tasa, mayai yake hayaanguliwi. Fanya hivyo wiki kwa wiki, na uzao unaisha.

Njia hiyo ilikuja kutumika Afrika juu ya mdudu mgeni. Mwaka 1988 Libya ilikuta mu mifugo yake ule ule nzi wa vidonda, aliyetoka Amerika. Kama angeshuka kusini, ng'ombe na wanyama wa pori wa bara lote wangeumia. Mwaka 1990 na 1991 ndege zilileta nzi tasa kutoka kiwanda cha Mexico, jumla zaidi ya bilioni 1, na nzi yule akaisha kabisa mu Libya. Halafu Unguja, Zanzibar: kuanzia 1994, madume tasa wa mbung'o waliokuzwa Tanga walimwagwa kisiwani kwa ndege, na mu mwezi wa tisa 1996 alikamatwa mbung'o wa mwisho wa porini. Wafugaji wa Unguja mpaka leo wanafuga bila ule ugonjwa.

Tuangalie vizuri mahali penyewe: Curaçao ni kisiwa, Unguja ni kisiwa, na Libya ilikuwa mdudu mgeni aliyezungukwa na jangwa.

PALIPOSHINDIKANA

Kwa mbu wa malaria mambo yalikuwa magumu. Mu miaka ya 1960 George Davidson wa London aligundua kwamba yule tuliyemwita gambiae si mmoja, ni ndugu kadhaa wanaofanana sura, na wakipandana madume wao wanazaliwa tasa. Sawa vile mbung'o wa Vanderplank. Basi wakajaribu mu kijiji cha Pala, karibu na Bobo-Dioulasso mu Burkina Faso ya leo. Madume chotara wakaachiliwa kwa wingi. Walikuwa na nguvu, waliruka, lakini majike wa pale hawakuwakubali. Mbu wana namna yao ya kuchaguana jioni wakiwa angani, na mbu wa labo hakuijua.

Delhi, India, walishindwa kwa sababu ingine kabisa. Kuanzia 1970 Shirika la Afya Duniani na baraza la utafiti wa tiba la India walikuwa na kituo cha kujaribu mbinu za uzazi juu ya mbu, na feza kubwa ilitoka Marekani. Mwaka 1974 gazeti likauliza: kwa nini feza ya Amerika inatumika sana juu ya mbu wa homa ya manjano, wakati India haina homa ya manjano? Je, si majaribio ya vita ya vijidudu? Wenye kituo walijibu vibaya, wengine hawakujibu hata kidogo. Bunge likaingilia, na mwaka 1975 kituo kikafungwa kabla ya jaribio kubwa kufanyika. Kazi ya miaka ilikufa, na sababu haikuwa mbu kukataa. Watu hawakuelezwa.

Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tunaelewa hiyo habari bila mwalimu. Kutoka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu 2,287 upande wetu na Ituri. Chanjo ilikuwa nzuri, dawa zilikuja. Lakini mu mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vilichomwa Katwa na Butembo, maana watu waliona magari mengi na feza mingi, lakini hawakuona mtu wa kukaa chini na kuongea nao. Sayansi inaweza kuwa ya kweli na bado ikakataliwa, na wanaokufa ni wale wale iliyokuja kuwasaidia.

KIMELEA CHA KATANGA, MBU WA ASIA

Sasa tufike ku jeni zenyewe, na Kongo iko ndani. Mwaka 1948 watafiti Vincke na Lips, wakifanya kazi Katanga, walieleza kimelea cha malaria walichokipata kwa panya wa msitu wa kule. Kilipewa jina Plasmodium berghei, kwa heshima ya Louis van den Berghe, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa Wabelgiji kule Lwiro, si mbali na Bukavu. Kimelea hicho hakimgusi mtu, lakini kinafanya mu panya vile malaria yetu inafanya kwetu. Njo maana labo za dunia nzima zinakitumia mpaka leo.

Na mbu gani labo zilipenda? Anopheles stephensi, mbu wa India na Uarabuni, juu ya anakubali kukaa mu kizimba bila taabu. Mwaka 2000 watafiti wa Imperial College London waliweza kuingiza jeni ya kigeni mu stephensi, na jeni ikarithiwa na uzao wake. Alikuwa mbu wa malaria wa kwanza kubadilishwa kwa njia ya kudumu. Mwaka 2002, mu Marekani, wengine wakambadilisha stephensi ili azuie kimelea kisipite tumboni mwake, na kimelea kilichojaribiwa kilikuwa berghei, yule wa Katanga. Kwa hiyo mtu akikwambia Kongo haina sehemu mu sayansi hii, mwambie kimelea chetu kiko mu kila labo, ni sisi wenyewe tu hatuko.

Kisha mwaka 2003 Austin Burt wa London alitoa hesabu ya kitu kinachoitwa msukumo wa jeni. Kwa kawaida mtoto anachukua nusu ya jeni kwa baba na nusu kwa mama, basi jeni iliyoingizwa inarithiwa na nusu tu ya watoto. Msukumo wa jeni unavunja hiyo sheria: jeni inajinakili yenyewe, na karibu watoto wote wanaibeba, na wajukuu vile vile. Chombo cha kukata jeni, CRISPR, kilifanya wazo hilo liwezekane. Mwaka 2015 lilifanikiwa mu stephensi. Mwaka 2018, London, mu gambiae: majike waliorithi jeni kwa baba na kwa mama hawakuweza kuuma wala kutaga, na jamii nzima mu vizimba iliisha kati ya vizazi 7 na 11.

MGENI AMEFIKA

Wakati labo zinacheza na stephensi, stephensi mwenyewe alianza safari. Mwaka 2012 alionekana Djibouti, mji wa bandari. Halafu Ethiopia, Sudan, Somalia, Nigeria, Ghana, na mwisho wa 2022 alikamatwa Marsabit, kaskazini ya Kenya. Ni habari ya Natal tena, lakini safari hii mgeni anakuja kwetu.

Huyu hafanani na wa kwetu. Gambiae wetu anapenda dimbwi la jua: alama za magurudumu ya magari barabarani, mashimo ya wachimba zaabu, maji ya mvua. Stephensi anapenda maji safi yaliyowekwa na mtu: pipa, tangi, bidoni iliyokatwa, kisima cha ujenzi. Kwa hiyo yuko mjini, na yuko hata kiangazi. Dawa nyingi za kupuliza hazimwui tena, na mara nyingi anauma mapema jioni, mbele ya watu kuingia mu chandarua. Djibouti ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria mwaka 2012, karibu imalize ugonjwa. Mwaka 2020 walikuwa 73,535.

Njo kwa sababu hiyo Djibouti ilikubali kujaribu. Tarehe 23 mwezi wa tano 2024, mtaa wa Ambouli, waliachiliwa stephensi madume wa kampuni ya Kiingereza Oxitec. Dume hawezi kuuma mtu. Anabeba jeni inayoua watoto wake wa kike wakiwa bado wadogo, na watoto wa kiume wanaishi na kuisambaza kwa muda. Huu si msukumo wa jeni. Ukiacha kuachilia madume wapya, ile jeni inapungua na inapotea. Ni njia ya Knipling, ila mahali pa mionzi wameweka jeni.

Mu Burkina Faso mambo yalienda tofauti. Tarehe 1 mwezi wa saba 2019, mradi wa Target Malaria uliachilia gambiae madume tasa mu kijiji cha Bana, karibu na Bobo-Dioulasso, upande ule ule wa Pala ya Davidson. Wanakijiji walikuwa wameelezwa kwa miaka. Mwezi wa nane 2025 wakaachilia aina ya pili mu kijiji kingine, na siku chache nyuma yake serikali ikasimamisha mradi wote. Vijiji vilikubali lakini nchi ilikuwa imegawanyika. Mu mwaka ule ule, Tanzania ilionyesha njia ingine: watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na Imperial College, walitengeneza gambiae wao mu labo ya Bagamoyo, wakawajaribu juu ya vimelea vilivyotoka kwa wagonjwa wa huko huko. Mbu hajaachiliwa porini. Lakini mtu anayeshika chombo ni Mtanzania, na mama wa pale anaweza kumuuliza kwa Kiswahili.

NA ITEBERO?

Tuhesabu sasa sawa watu wenye akili, bila woga na bila kushangilia.

Madume tasa, ao wale wa Djibouti, hawatatusaidia sana mu Walikale. Historia inasema njia hiyo inashinda juu ya kisiwa ao juu ya mdudu mgeni aliyefika karibuni. Sisi hatuko kisiwa. Msitu wetu hauna mwisho, na gambiae ni mwenyeji. Ukimmaliza Itebero, atatoka Hombo, atatoka Musenge. Tena inaomba uachilie madume kila wiki, na barabara yetu munaijua: mvua ikinyesha siku tatu, hata motari analala njiani.

Kwa Goma na Bukavu hesabu ni ingine. Kama stephensi akifika siku moja na malori ao ndege, atakuta miji yenye pipa na bidoni kila mlango. Pale njia ya Djibouti inaweza kuwa na faida, lakini kwa masharti ya Soper: umwone mapema. Somo la Brazil ni lile pengo la kati ya 1930 na 1938, wakati mbu alikuwepo na watu walimsahau.

Na msukumo wa jeni? Hapa njo pananipa usingizi mdogo. Kwa kweli ndiyo njia moja iliyo sawa na mahali kama kwetu, juu ya haiombi barabara wala frigo wala infirmie kila wiki. Mbu mwenyewe anaipeleka kijiji kwa kijiji, hata pahali ambapo vita imefunga njia na chandarua haijafika. Mtoto wa kijiji cha mwisho angepata kinga sawa na mtoto wa mjini. Lakini kile kinachoifanya itufae ndicho kinachoifanya iwe nzito: haisimami ku mpaka wa Masisi, haisimami ku mpaka wa Rwanda, na ikitoka hauwezi kuiita irudi. Mtu wa Bana anaweza kusema ndiyo juu ya kijiji chake. Nani atasema ndiyo juu ya msitu mzima?

Mwaka 2018, Sharm el-Sheikh, nchi za mkataba wa uhai wa viumbe zilikubaliana kwamba kabla ya kuachilia kitu kama hicho itafutwe ruhusa ya jamii za wenyeji zinazoweza kuguswa. Ni neno zuri ku karatasi. Lakini ruhusa inaombwa kwa lugha gani? Mu Kikano, mu Kitembo, mu Kinyanga, jeni inaitwaje? Mzee wa kijiji atakubali ao atakataa kitu ambacho hakina jina mu kinywa chake? Kama hakuna mtu wa kwetu wa kueleza, ndiyo yake haitakuwa ndiyo, na hapana yake itakuwa ile hapana ya Butembo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayesema "hii ni silaha" arudie habari ya Unguja na Libya: mbinu za uzazi zimeokoa watu na mifugo Afrika, na hakuna aliyeugua. Anayesema "waje tu, sisi tunakufa" arudie habari ya Delhi: haraka bila maelezo inazaa miaka mingi ya kukataliwa. Mpaka siku hiyo, chandarua, dawa na chanjo, ambayo Kongo ilianza kuitoa mwezi wa kumi 2024 mu Kongo Central, bado njo silaha zetu, na kusema jeni itakuja isiwe sababu ya kuziacha.

Ila kuko kazi moja ambayo haitaki feza ya Geneva. Mu sisi wote tuliomaliza masomo, tuko na wanasheria, tuko na wanauchumi, waalimu, hata madokta. Mtu anayeweza kutazama kiluwiluwi na kusema huyu ni gambiae, huyu ni funestus, huyu sijawahi kumwona, tuko naye? Shannon alikuwa mtu mmoja mu mji mmoja, na kama hangeangalia lile dimbwi, Brazil ingejua mgeni wake siku ya mazishi. Dada na ndugu wadogo mnaochagua fakilte mwaka huu, mfikirie elimu ya wadudu. Haina jina kubwa, wazazi watauliza ni kazi gani. Waambieni ni kazi ya kuwa kwenye meza siku watakapokuja kutuomba ruhusa.